Wanafunzi wa Basenji

Asubuhi na mapema, kabla mbwa hajapewa chakula, mfugaji wa basenji anamfuata jike wake uani akiwa na upawa wa mpini mrefu mkononi. Hasemi kitu, maana jike akishtuka atahamia kona nyingine na kazi itaanza upya. Jike anachuchumaa, upawa unapitishwa chini yake upesi, na mkojo wa kujaza vijiko viwili unatosha. Kisha kinatolewa kijiti chembamba cha kupimia sukari, kile kile anachokitumia mgonjwa wa kisukari nyumbani kwake. Kinachovywa, sekunde zinahesabiwa. Rangi ya ncha isipobadilika, mwezi huu umepita salama. Ikianza kuelekea kahawia, mkojo una sukari, na mfugaji anajua kwamba huenda figo za mbwa wake zimeanza kushindwa kazi. Jike ana miaka sita. Ameshazaa mara tatu, na baadhi ya watoto wake nao wameshazaa.

Ndivyo walivyoishi wafugaji makini wa basenji Marekani kwa miaka mingi, mwezi baada ya mwezi, kabla ya maabara kuwaletea kipimo bora. Ugonjwa walioutafuta unaitwa Fanconi, kwa jina la daktari wa watoto wa Uswisi aliyeueleza kwa binadamu. Figo yenye afya huchuja damu, kisha hurudisha mwilini vitu vyenye thamani: sukari, asidi za amino, fosfeti, bikaboneti. Figo ya Fanconi huchuja vizuri lakini hairudishi. Mbwa hunywa maji kupita kiasi, hukojoa kupita kiasi, misuli yake hupukutika, damu yake huwa na asidi, na asipotibiwa hufa.

Kuna jambo moja katika habari hii linalonifanya niwaheshimu sana watu hawa. Daktari wa mifugo aliyezoea mbwa wa aina nyingine akiona sukari kwenye mkojo atafikiria kisukari, na kumchoma insulini mbwa ambaye sukari ya damu yake ni ya kawaida ni kumtia hatarini. Kwa hiyo mfugaji ilimbidi aingie kliniki akiwa anajua tofauti hiyo, aombe kwa adabu sukari ya damu nayo ipimwe, tena aombe na kipimo cha asidi ya damu. Mtu aliyeanza kufuga kwa sababu alipenda mkia uliosokotwa na paji lenye makunyanzi alijikuta anasoma kemia ya figo. Steve Gonto wa jimbo la Georgia aliandika mwongozo wa tiba, ukieleza kiasi cha bikaboneti, madini na vitamini za kumpa mgonjwa ili kufidia kinachovuja, na wafugaji wakaupitisha mkono kwa mkono hadi kwa madaktari wao. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofuatilia mbwa 60 wenye ugonjwa huo, na ikaonekana kwamba waliotibiwa waliishi umri usiopungua sana ule wa mbwa wazima. Kabla ya mwongozo ule, kwa mbwa wengi jibu lilikuwa sindano ya mwisho.

Lakini tiba ni nusu ya habari. Kwa mfugaji, swali gumu zaidi ni lile la nani apandishwe na nani, na hapo basenji ana tabia zinazomtesa mwenye haraka. Mbwa wengi huingia kwenye joto mara mbili kwa mwaka. Jike wa basenji kwa kawaida huingia mara moja tu, aghalabu miezi ya Agosti hadi Novemba huko kaskazini mwa dunia. Asiposhika mimba, subiri mwaka mwingine. Fanconi nayo mara nyingi hujitokeza mbwa akiwa na miaka 4 hadi 8, yaani baada ya miaka yake mizuri ya kuzaa. Mfugaji ni kama mpanda minazi: uamuzi wa leo ataujua ubaya au uzuri wake miaka mingi baadaye, wakati shamba limeshajaa miche iliyotokana na ule wa kwanza. Anayefuga majike wawili au watatu kwa miaka thelathini ataona uzao kadhaa tu mikononi mwake. Uzoefu wake mwenyewe, hata uwe mzuri namna gani, hautoshi kumfundisha. Lazima ajifunze kutoka kwa mbwa wa wenzake, kutoka vitabuni, kutoka maabara, na pia, kama ilivyokuja kutokea, kutoka kwa wawindaji wa Kongo ambao hawakuwa na daftari lolote.

Mbwa hawa ni wa kwetu huku Afrika. Katika misitu ya kaskazini mwa Kongo na nchi jirani, wawindaji wamekuwa nao kwa karne nyingi: mbwa mdogo, mwekundu au mweusi au wa milia, masikio yamesimama, mwendo wa farasi. Habweki kama mbwa wengine. Hutoa sauti ya kuimbaimba ambayo akili ya mtu haikubali mara moja kwamba ni ya mbwa. Kwa sababu yu kimya porini, Wazande wa Uele na wawindaji wa Ituri humfunga kengele ya mbao shingoni, ili mtu ajue mbwa yuko wapi na mnyama akurupuke kuelekea kwenye nyavu au mishale. Ituri Kiswahili kinazungumzwa sokoni na barabarani, na msomaji aliyepita huko huenda amewaona mbwa hao wamelala kando ya jiko bila kujua kwamba ng'ambo ya bahari watu wanapigania damu yao.

Wazungu walipoanza kuwachukua, somo la kwanza lilikuwa kifo. Mwaka 1895 walionyeshwa Crufts, maonyesho makubwa ya mbwa yaliyokuwa yakifanyika London, na muda si mrefu wakafa kwa distempa. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting alileta sita kutoka Sudan. Walimaliza miezi sita ya karantini, wakachomwa kinga ya distempa iliyokuwapo wakati huo, wakafa wote. Chanjo ya kuaminika ilikuwa bado inatafutwa. Watafiti Laidlaw na Dunkin waliifanyia kazi kule Mill Hill, London, hadi mwishoni mwa muongo ule. Olivia Burn ndiye aliyefanikiwa: mbwa wake walioletwa mwaka 1936 waliishi, wakazaa, na mwaka 1937 walipopelekwa Crufts watu walijaa kuwatazama.

Hapo ndipo basenji wa nje ya Afrika alipoanzia, na mwanzo wenyewe ulikuwa mwembamba. Mbwa wa kuhesabika waliovuka bahari wakapona ndio waliokuwa babu na bibi wa maelfu. Daftari la nasaba lilipofungwa, kila upandishaji ulikuwa ni wa jamaa kwa jamaa, hata pale karatasi zilipoonyesha majina tofauti kwa vizazi vitatu.

Veronica Tudor-Williams alilielewa hili mapema. Alikuwa amewafuga basenji tangu siku zao za kwanza Uingereza, akawatunza wakati wa vita ambapo chakula cha binadamu wenyewe kilikuwa cha mgao, na miaka ya 1950 hakukuwa na mtu Ulaya wa kumfundisha lolote kuhusu mbwa hawa. Angeweza kukaa nyumbani akahukumu mbwa wa wengine. Mwaka 1959 alisafiri hadi kusini mwa Sudan kuwatafuta mbwa pale walipotoka, kuona mwenyewe wanafananaje wakiwa kazini. Alirudi na jike mwekundu aliyeitwa Fula of the Congo. Fula hakuwahi kushindanishwa kwenye maonyesho. Alizalishwa tu, na leo ni vigumu kumpata basenji aliyesajiliwa ambaye hana damu yake. Ninapofikiria ustadi, namfikiria mwanamke yule: jina lake limeshakamilika, na bado anasafiri kwenda kuuliza.

Kisha likaja somo lenye uchungu zaidi kuliko lote. Basenji walikuwa na ugonjwa wa upungufu wa damu unaotokana na kukosa kimeng'enya kimoja kwenye chembe nyekundu; chembe hufa mapema, na mbwa hufa akiwa bado kijana. Ugonjwa huu hurithiwa kwa namna ambayo mtoto lazima apate kasoro kutoka kwa baba na kutoka kwa mama ndipo augue. Aliyepata upande mmoja tu ni mbebaji: mzima kabisa, ataishi mpaka uzee, ila anaweza kuupitisha. Kufikia miaka ya 1970 kulikuwa na kipimo cha damu cha kuwatambua wabebaji, na wafugaji walifanya kile ambacho kila mtu mwadilifu angekifanya. Walipima mbwa wao, na waliokutwa wabebaji wakaondolewa kwenye uzazi. Wengi sana. Ugonjwa ule ulipungua hadi karibu kusahaulika.

Kwa juhudi ile walistahili kusifiwa, na walisifiwa. Ila kila mbebaji aliyetolewa alitoka na kila kitu kingine alichobeba, mabega yake mazuri, tabia yake ya upole, kinga yake dhidi ya magonjwa ambayo hayajapewa jina. Kundi lililokuwa dogo likawa dogo zaidi. Miongoni mwa madume waliobaki, wenye karatasi safi na waliotafutwa na kila mtu, wamo waliokuwa na Fanconi ndani yao, na hakuna aliyeweza kuiona. Wafugaji wa zamani hulisimulia jambo hili wenyewe, waziwazi, kwa vijana wanaoingia kwenye fani. Walifukuza ugonjwa mmoja na kwa njia hiyo hiyo wakaufungulia mlango mwingine. Sioni hapa kosa la uvivu au tamaa. Walitumia elimu yote iliyokuwapo mwaka ule, na elimu ya mwaka ule haikutosha.

Makadirio yaliyozoeleka ni kwamba basenji 1 kati ya 10 Marekani angeugua Fanconi. Fanconi nayo hurithiwa kwa namna ile ile, kwa hiyo fanya hesabu. Ikiwa 1 kati ya 10 ana kasoro pande zote mbili, basi wabebaji, wale wazima wasioonyesha dalili, ni zaidi ya 4 kati ya 10. Ukiwaondoa wagonjwa na wabebaji pamoja, umetupa zaidi ya nusu ya kundi zima. Na wakati huo hapakuwa hata na njia ya kuwajua wabebaji. Kulikuwa na upawa, kijiti na subira.

Mwaka 1987 na tena 1988, wafugaji wachache wa Marekani, Jon Curby, Michael Work, Damara Bolté na Stan Carter miongoni mwao, walisafiri kwenda Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, kutafuta damu mpya. Hawa hawakuwa wanagenzi. Bolté alikuwa mmoja wa wafugaji wenye heshima kubwa kabisa katika fani hiyo. Walikwenda kaskazini-mashariki, nchi ya Wazande, kwa barabara ambazo zilikuwa barabara kwa jina tu, wakaenda kijiji kwa kijiji wakitazama mbwa wa watu. Waliowachukua wakapewa jina la Avongara, ukoo wa watawala wa Wazande, na kila mmoja akaongezewa jina lake mwenyewe.

Natamani msomaji aifikirie kazi yenyewe ya kuchagua. Mfugaji aliyezoea meza ya maonyesho amefundishwa kumtazama mbwa aliyeoshwa, aliyesimamishwa sawasawa, mwenye nasaba ya vizazi vitano iliyopigwa chapa. Sasa mbele yake kuna mbwa mwenye kupe, mbavu nje, kovu la pembe au jino la mnyama begani, na mwenye mbwa anayeeleza kwa ishara na kwa mkalimani kwamba mama yake alikuwa mwindaji hodari. Hapo jicho lililozoea linapaswa kujifunza kutenganisha njaa na umbile. Mbavu zitajaa akila. Pembe ya bega na urefu wa paja havitabadilika. Makovu hayarithiwi; ujasiri uliompeleka kwenye makovu hayo huenda unarithiwa. Na mwenye mbwa naye ana uchaguzi wake, uliofanywa kizazi baada ya kizazi bila karatasi: mbwa asiyewinda halishwi kwa furaha, na mbwa anayeng'ata watoto wa nyumbani hakawii kuondolewa. Huo nao ni ufugaji. Nasikitika kwamba majina ya watu hao wa Uele hayamo kwenye daftari lolote la nasaba, wakati majina ya mbwa wao yamo.

Nyumbani hawakupokewa kwa vigelegele na wote. Kulikuwa na wafugaji walioona kwamba mbwa wa kijijini atawaharibia kazi ya miaka hamsini: masikio makubwa, mkia uliolegea, rangi ya milia ambayo wao hawakuwa nayo. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Damu mpya huleta mema na mabaya kwa pamoja, na inachukua vizazi kadhaa vya upandishaji wa uangalifu kuona kipi ni kipi. Lakini klabu ya basenji ya Marekani iliomba, na mwaka 1990 American Kennel Club ikalifungua daftari lake kwa mbwa 14 kutoka Afrika. Milia ikawa rangi halali. Ilifunguliwa tena, kwa mbwa waliochaguliwa, kuanzia Januari 2009 hadi Desemba 2013.

Mengine waliyojifunza hayakuwa na uhusiano na ugonjwa. Huko Bar Harbor, jimbo la Maine, John Paul Scott na John Fuller waliendesha kwa miaka mingi utafiti wa tabia za mbwa wa aina tano, na basenji alikuwa mmoja wao. Kitabu chao kilitoka mwaka 1965. Waliona kwamba mtoto wa basenji wa wiki tano asiyeshikwashikwa ni mwoga na mkali kuliko watoto wa aina nyingine, hukimbia mkono wa mtu na kung'ata. Waliona vilevile kwamba hulainika upesi akishughulikiwa. Na waligundua kwamba kwa mbwa wote kuna dirisha la umri, takriban wiki ya 3 hadi ya 12, ambamo mtoto hujifunza kwamba binadamu ni jamaa. Likishafungwa, kazi iliyokuwa ya dakika chache kwa siku inakuwa ya miaka.

Ugunduzi huo ulibadili malezi bandani. Mfugaji wa zamani aliamini kwamba watoto waachwe na mama yao wanyonye na kulala, wasisumbuliwe, na mbwa akitokea mwoga ni damu yake hiyo. Anayejua habari za Maine ana utaratibu mwingine. Wiki mbili za kwanza ni joto na uzito: sanduku la kuzalia lenye nyuzi kama 30, kwa sababu mtoto mchanga hawezi kujipasha, na mizani ya jikoni kila siku, kwa sababu mtoto asiyeongezeka uzito anatoa taarifa kabla hajaanza kulia. Katika siku ya 7 hadi ya 10 anapaswa kuwa ameufikia uzito wa kuzaliwa mara mbili. Macho yanafunguka kwenye siku ya 10 hadi 14. Kisha dirisha linafunguka, na nyumba nzima inabadilika: watoto wanabebwa, wanatembezwa juu ya zege, majani na mabati, wanasikia redio na masufuria, wanashikwa na mikono ya wazee na ya watoto. Mtu anayeshika kila mtoto kila siku kwa wiki tisa, akijua kwa nini, anastahili heshima ya fundi.

Hata siku ya kupandisha imebadilika. Kwa mazoea ya zamani jike alipelekwa kwa dume siku ya 11 na ya 13 tangu damu ianze kuonekana. Majike wengi walishika. Wengine hawakushika, na lawama ikaenda kwa dume. Leo hupimwa projesteroni ya damu kila baada ya siku mbili tatu. Homoni hiyo huanza kupanda kabla yai halijatoka, na yai la mbwa, tofauti na la ng'ombe, hutoka likiwa changa na huhitaji siku mbili hivi za kukomaa kabla halijaweza kurutubishwa. Kwa jike anayeingia kwenye joto mara moja kwa mwaka, siku mbili hizo zina thamani ya miezi kumi na miwili. Mfugaji mwenye miaka arobaini kazini aliyekubali kwamba hesabu yake ya siku ilikuwa ya kubahatisha, akaanza kwenda kliniki kutolewa damu ya mbwa, amefanya jambo gumu kuliko linavyosikika. Mafanikio ndiyo yanayomzuia mtu kubadilika, kushindwa husukuma.

Julai 2007 kipimo cha vinasaba cha Fanconi kikafika. Kilitoka Chuo Kikuu cha Missouri, kwa timu ya Gary Johnson, na wafugaji walikuwa wamekichangia kwa fedha na kwa damu ya mbwa wao, wagonjwa na wazima, kwa miaka. Swabu ya mate ya shavuni ilitosha. Ila majibu yalikuja na neno gumu: yumkini. Yumkini ni salama, yumkini ni mbebaji, yumkini ataugua. Kasoro yenyewe ilikuwa bado haijaonekana. Kilichopimwa ni alama iliyo jirani yake kwenye kromosomu, na jirani si lazima arithiwe pamoja na jirani yake kila mara. Kipimo cha moja kwa moja kilikuja mwaka 2011.

Kwa hiyo kwa miaka minne watu ambao si wanasayansi walifanya maamuzi ya uzazi kwa kutumia uwezekano. Ilibidi waelewe kwa nini mbwa mwenye jibu jema bado apimwe mkojo. Ilibidi wamweleze mnunuzi. Na majibu, mema na mabaya, yakawekwa wazi kwenye hifadhi inayosomwa na yeyote, jina la mbwa na jina la banda. Anayeuza watoto wa mbwa ana kila sababu ya kuficha jibu baya, na wengi hawakuficha.

Zaidi ya yote, walikuwa wamejifunza kutoka kwa ule upungufu wa damu. Safari hii hawakuwatupa wabebaji. Mbebaji akipandishwa na mbwa salama, hakuna mtoto hata mmoja atakayeugua; kwa wastani nusu watakuwa wabebaji na nusu salama. Wabebaji wawili wakipandishwa, kwa wastani robo wataugua, na hilo ndilo la kuepukwa. Ushauri uliosambaa ukawa huu: mtumie mbebaji mzuri, umpe mwenzi salama, upime watoto, na kizazi kijacho uende na mtoto salama aliyechukua uzuri wa mzazi wake. Ni njia ya polepole. Inalinda kundi zima huku ikiupunguza ugonjwa, na isingewezekana kama kumbukumbu ya miaka ya 1970 ingekufa na waliokuwapo.

Wapo wanaosema kwamba maabara imemaliza kazi ya jicho. Sikubaliani nao. Hakuna kipimo cha vinasaba kinachoonyesha kama mbwa anatembea kwa mwendo ule mrefu, mwepesi, unaokula ardhi bila jasho, na hakuna kinachosema kama jike atakuwa mama mtulivu au atawalalia watoto. Mkono unaopita begani na kusikia mfupa umekaaje haujifunzi kwa kusoma. Bolté na wenzake walikwenda Uele na mikono hiyo, wala wasingechagua vizuri bila hiyo. Mfugaji aliyekamilika ana mambo yote mawili, jicho na elimu ya maabara, na elimu hiyo humchukua maisha yote kwa sababu haina mahali inapokoma: macho ya basenji nayo yana ugonjwa wake wa kufifia polepole uzeeni, wenye kipimo chake sasa, na mwaka 2021 ramani kamili ya vinasaba vya basenji ilichapishwa, ikasaidia kuwaelewa hata mbwa wa aina nyingine kwa kuwa huyu yuko karibu na mzizi wa ukoo wao.

Kurudi Afrika, kwa upande wake, kumekuwa kugumu. Daftari lilipofunguliwa mwaka 2009, Uele ilikuwa imetoka kushambuliwa na waasi wa LRA. Vijiji karibu na Doruma vilipoteza watu Krismasi ya 2008, na kwenda huko kutafuta mbwa isingekuwa busara wala heshima. Baadhi ya mbwa walitoka sehemu nyingine. Huku barabara na biashara zikiingiza mbwa wa kigeni vijijini, mbwa wa wawindaji wanachanganyika, na chanzo ambacho Tudor-Williams alikifuata mwaka 1959 kinazidi kuwa chembamba.

Ndiyo maana uamuzi wa mfugaji wa leo unanivutia kuliko kikombe chochote cha ushindi. Ana jike mwekundu, salama kwa vipimo vyote. Kuna madume wawili. Mmoja ni bingwa, salama pia, ila babu yake ndiye babu wa jike. Wa pili ni wa milia, hajulikani sana, mbebaji wa Fanconi, na damu ya Avongara ni nyingi ndani yake. Karatasi inamsukuma kwa wa kwanza. Mwenye kuijua historia ya mbwa hawa, ikiwa mabega na tabia ya yule wa milia vinaridhisha, atampeleka jike kwake. Kisha atawaambia wanunuzi tangu mwanzo kwamba watoto wote watapimwa kabla ya kuondoka, kwamba hakuna atakayeugua, na kwamba karibu nusu yao watakuwa wabebaji. Na yule jike bora kati yao, akitokea kuwa mbebaji, atabaki nyumbani azae.